Mpira wa Mjukuu Wangu Kwenye Kabati la Watu

Siku ile chumbani tulikuwa watu wanane. Wote nawajua kwa majina yao, na ya baba zao, na ya babu zao, na wawili kati yao nawajua mpaka majina waliyokuwa wakiitwa utotoni, ambayo leo hawataki kuyasikia. Lakini mjukuu wangu wa kike, huyu anayenichapia maneno haya, kaniambia, "Bibi, majina usiandike, watu watakasirika." Haya. Nitawataja kwa nasaba tu, na kila mmoja atajijua.

Alikuwepo mwenye nyumba, ambaye ni binamu yake mke wa mwanangu. Mama zao ni tumbo moja, wazaliwa wa Unguja kama mie. Alikuwepo mkewe mwenye nyumba, mtu wa Maskati, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Alikuwepo mwanangu, mtoto wangu wa pekee wa kiume, na mkewe, yaani mkwe wangu. Alikuwepo mjukuu wangu wa kiume, mtoto wao wa kwanza, na kwa nasaba hiyo mwenye nyumba ni mjomba wake. Alikuwepo yule binti wa Kiganda anayefanya kazi kwetu, aliyekuja kunishika mkono kwa sababu ya magoti yangu. Alikuwepo mzee wa Kihindi mpika kahawa wa nyumba ile, kasimama na dele lake mkononi. Na mie.

Nawataja mapema kwa sababu mwisho wa habari hii nina haja nao.

Habari yenyewe ni ya mpira. Si mpira wa miguu. Ni mpira mdogo, mweupe, mgumu kama jiwe, unaenea kiganjani, umeshonwa kwa uzi mwekundu kama mtu aliyetiwa nyuzi hospitali. Huo ndio mpira wa besiboli, na mjukuu wangu aliula ujana wake kwa kuurusha.

Alianza na ndimu zangu. Nyumba yetu hapa Rashidiya, Dubai, ina uwanja mdogo ndani, wa kizamani, na mlingoti wa antena ya televisheni ambao babu yake aliusimamisha hapo na haukufanya kazi hata siku moja. Mtoto alikuwa akitoka skuli tu, kofia hajavua, anachukua kapu la ndimu jikoni na kuulenga ule mlingoti. Ndimu zinapasuka ukutani, uwanja wote unanuka achari. Nikimpigia kelele ananiambia, "Bibi, moja tu ya mwisho." Kila moja ilikuwa ya mwisho. Skuli aliyosoma ilikuwa na watoto wa Wamarekani, na kocha wao, mtu mmoja mrefu aliyekuwa akifanya kazi za ndege, alimwona mkono wake. Akaja nyumbani kumwambia mwanangu kwamba mkono ule si wa kuachwa. Mwanangu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akisema fimbo ya mchezo ule ni ya kupigia nyoka, kesho yake alikuwa anajua sheria zake zote na anazieleza msikitini.

Akaenda Amerika kwa masomo, na baada ya masomo timu ikamchukua kwa mkataba. Hapo ndipo akawa mchezaji wa kulipwa. Lakini watu wasidhani ni yale wanayoyaona kwenye televisheni. Kule timu kubwa ina timu ndogo chini yake, na chini ya hiyo nyingine, kama ngazi, na mjukuu wangu alianzia ngazi ya kwenye vumbi. Mji wao ulikuwa umezungukwa na mahindi pande zote. Walikuwa wakilala wanne chumba kimoja, wanasafiri kwa basi tangu jioni mpaka asubuhi, wanakula mkate na siagi ya karanga. Aliniambia hayo mie. Baba yake alimwambia kwamba wanakaa hotelini.

Na kazi yake ilikuwa ya ajabu. Hakuwa yule anayeanza mchezo. Alikuwa mrushaji wa akiba. Warushaji wa akiba wanakaa bandani, mbali, nyuma ya uwanja kabisa, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Huko bandani kuna simu ukutani. Mwenzao anayeanza akichoka, au akianza kupigwa, simu inalia, na kocha anamtaja mmoja. Huyo ndiye anayevua koti na kuingia, na anaingia pale mambo yameshaharibika, watu wanapiga kelele, wapinzani wamejaa kwenye vituo, wanangoja kukimbia kutia pointi. Akiokoa, mchezo ni wa yule aliyeanza. Akishindwa, mchezo umeharibiwa na yeye. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya mke wa pili." Alicheka mpaka simu ikamtoka mkononi.

Mchezo wao wa usiku huku kwetu ulikuwa alfajiri. Nilikuwa nikishaswali nakaa na yule binti wa Kiganda kwenye jiko, tunautazama kwenye simu yake. Yeye mchezo ule anaujua, kaka yake aliucheza kwao Uganda, na ndiye aliyenifundisha.

"Bibi, hao watatu wamekaa kwa vituo. Akikosea moja, zinaingia pointi mbili."

"Kwani nani kawaweka hapo?"

"Mwenziye. Yule ametoka."

"Na yeye ndiye afagie?"

"Eee Bibi. Ndiyo kazi."

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni hiyo hiyo, ya vituo vitatu vimejaa na hakuna hata mpinzani mmoja aliyetolewa. Simu ya bandani ikalia, akaingia mjukuu wangu. Alikuwa na lengelenge kidoleni, lilipasuka akiwa anarusha, akawa anajifuta damu kwenye suruali kila baada ya mpira. Mpigaji wa kwanza akamtoa. Wa pili akamtoa. Wa tatu akapiga pumba, mpira ukapanda juu ukarudi, mdakaji akaudaka kwa glavu, watatu wametoka, zamu yao kwisha. Hakuingia mtu. Binti wa Kiganda alipiga vigelegele mpaka maziwa yakachemka yakamwagika, na mkwe wangu akatoka chumbani na kanga kichwani akidhani pana msiba.

Ule mpira wa mwisho timu walimpa. Wenzake wa bandani wakautia saini zao, na pembeni ya uzi mwekundu lilibaki doa la damu yake, dogo, mfano wa mbegu ya papai. Akausokomeza ndani ya soksi na kuniletea kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija Dubai. Akanipigia simu: "Bibi, huo nitunzie wewe. Usimpe mtu." Nikauweka kabatini kwangu, pamoja na sanda yangu na chupa ya maji ya zamzam. Mtu wa umri wangu hana mahali pa heshima kuliko hapo.

Mwaka ule ule timu ilichapisha kadi za wachezaji, zile kadi ndogo zenye picha ambazo watoto wa kule wanazikusanya na watu wazima wanazitia kwenye plastiki. Na yeye alikuwa na yake: kavaa kofia, kakunja uso, mkono nyuma. Mwanangu aliagiza rundo zima. Alizigawa harusini, kazini kwake uwanja wa ndege, kwa kinyozi. Moja akaikuza ikawa kubwa kama mlango wa kabati, akaitundika ukutani kwa wageni. Mtu akiingia hajapewa maji keshaelezwa.

Basi Idi moja, mjukuu wangu bado yuko Amerika, wageni wakaja kula, na mkubwa wao alikuwa huyu binamu yake mkwe wangu. Mwenyezi Mungu kamfungulia katika biashara, na fedha zake anazitia kwenye vitu vya michezo. Fulana za wachezaji wa kandanda, glavu za mabondia, vikofia vya ngozi vya kufunika macho ya vipanga wa mashindano. Anavinunua, anavitia kwenye vioo. Mwanangu akaja kwangu mbio.

"Mama, nipe ufunguo wa kabati."

"Wa nini?"

"Wageni wanataka kuuona mpira."

"Kuuona tu?"

"Kuuona tu, Mama. Kwani wataula?"

Nikampa. Sikukaa, nikamfuata mpaka mlangoni kwa wanaume nikasimama na sinia la halua.

Hapa inanibidi nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi hawalijui na wageni wa mbali hawalielewi. Kwetu sisi, mgeni akisifu kitu chako, saa, fimbo, bakuli, unamwambia, "Ni chako, chukua." Yeye anakataa. Wewe unanyamaza, yeye anakuombea dua, na kitu kinabaki palepale kilipo, kahawa inanywewa. Hakuna aliyetoa wala aliyepokea. Ni maneno ya kupambana kwa heshima, na mtu mwenye akili anajua wapi pa kuyasimamisha. Kinachojulisha kwamba mtu anatoa kweli ni kule kurudia. Anayesema mara moja akanyamaza, huyo kasema kwa mdomo. Anayerudia na kurudia, huyo anataka uchukue.

Mgeni akaushika mpira, akaugeuza kwenye mwanga. "Mashallah. Hapa Dubai nzima hakuna mwenye kitu hiki."

"Umeupenda?" mwanangu akasema. "Ni wako."

"La, la. Huu wa kijana."

"Wa kijana ni wangu. Chukua."

"Haifai, bwana. Mwenyewe hayupo."

Hapo bado palikuwa pa kusimama. Kapewa njia na mgeni mwenyewe, tena njia pana. Nilimtolea macho mwanangu pale mlangoni mpaka yakaniuma. Aliniona. Mie namjua akiniona. Lakini mle ndani walikuwa wamejaa watu, na wote wanamtazama yeye.

"Wallahi utatoka nao!" akasema.

Kaapa. Khalas. Mgeni akautia mfukoni mwa kanzu, na mfuko ukavimba upande mmoja, na hivyo hivyo akala halua yangu.

Wageni walipoondoka nilimwambia, "Umetoa amana ya watu."

"Mama, ataleta mingine. Akipanda ligi kubwa ataleta mpaka utakosa pa kuiweka."

Haikuja mingine. Msimu uliofuata kiwiko kilimkatika ndani, mshipa ule unaoshika mifupa. Wakampasua, akakaa mwaka mzima anajifunza kurusha kama mtoto mchanga anayejifunza kushika kijiko. Aliporudi bandani simu ikawa hailii kwa ajili yake. Halafu asubuhi moja wakamwita ofisini, wakamshukuru, wakamwambia atoe vitu vyake kwenye sanduku lake kabla ya basi kuondoka. Ndio mwisho wa kazi yake. Hakupigwa, hakufanya kosa. Waliacha tu kumpigia simu.

Akarudi nyumbani. Siku ya pili baba yake aliishusha ile picha kubwa ukutani. Pakabaki mraba mweupe wa rangi, akautundikia saa. Watu waliokuwa wakimwita "bingwa" harusini wakawa wanamuuliza kapata kazi wapi. Kapata hotelini, Garhoud, mapokezi. Mkono wa kulia haunyooki sawasawa. Akikukabidhi ufunguo wa chumba anakukabidhi kiwiko kimekunjika, kama mtu anayeficha kitu.

Alipofungua mabegi yake alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani.

"Bibi, nipe mpira wangu."

Nikamwambia, "Kamuulize baba yako."

Baba yake alijibu bila kuinua macho kwenye simu. "Uko kwa mjomba wako. Kautunza vizuri, kwenye kioo, na taa. Kuliko kukaa na sanda ya Bibi."

Mjukuu wangu akatoka, akaufunga mlango polepole. Si mtu wa kelele. Angekuwa mtu wa kelele labda mambo yake yangekuwa mengine.

Yakapita. Kisha huu mchezo wao ukaja hapa hapa Dubai, wachezaji wa kulipwa, taa, uwanja mpya jangwani, na watu ambao hawakujua hata unachezwa vipi wakawa wanavaa kofia zake. Mkwe wangu akaleta habari kwamba binamu yake ataupeleka ule mpira kwenye maonyesho, ndani ya mall, pamoja na kadi, na maandishi chini. Mjukuu wangu alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe.

"Bibi," alinifuata baadaye, "sitaki watu wapite wanakula aiskrimu wanaangalia damu yangu. Sitaki kitu kingine. Urudi kabatini kwako, basi."

"Kamuombe mjomba wako."

"Baba kasema nikiomba nimemvunjia jina. Ati kaapa."

Na kweli. Kiapo cha yule mpumbavu, na nasema mpumbavu japo nimemzaa, kilikuwa kimetufunga sote. Kuomba ni kumwambia mjomba, rudisha zawadi. Hilo kwetu halisemwi. Binti wa Kiganda alikuwa anakunja nguo, akasema, "Bibi, mimi naweza kuiba hii mpira. Naweka kwa mfuko ya dawa zako. Nani atashika mfuko ya mzee?"

"Na Wahindi wake wote na kamera?"

"Basi tuache kamera ione. Mimi natabasamu."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshajua la kufanya. Mlango uliotolea mpira ndio utakaourudishia. Nikamwambia mjukuu wangu: "Tutakwenda kula kwa mjomba wako. Mie nitausifu. Yeye ni mtu wa kwetu, kalelewa na mama ninayemjua, nikiusifu, atatoa. Mie nitakataa mara moja, kwa heshima. Atarudia. Tutachukua. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyerudisha zawadi, na baba yako anabaki na kiapo chake."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe nyamaza."

Tukaenda Ijumaa baada ya swala. Mwanangu hakuambiwa kitu, alidhani ni kula tu, na alikula. Baada ya chakula mwenye nyumba akatupeleka kwenye chumba chake cha vioo. Baridi ya kiyoyozi kama ya kuhifadhia maiti. Kila kitu kina taa yake. Mpira wa mjukuu wangu ulikuwa kwenye kijiguu cha fedha kama yai la kuchemsha, doa la damu limegeuzwa mbele ili lionekane, na pembeni kadi yake ndani ya plastiki ngumu, kakunja uso vile vile.

Mjomba mtu akaanza kutueleza. Anamweleza mwenyewe! Kwamba ile ilikuwa fainali ya Amerika nzima. Kwamba watu walikuwa elfu na elfu. Mjukuu wangu kasimama, mikono nyuma, anasikiliza habari zake kama mtalii. Uwanja ule ulikuwa na watu wa kujaza mabasi mawili na mbwa mmoja. Mbwa nilimwona mwenyewe kwenye simu. Hakumsahihisha.

Basi nikasogea, nimeshikwa mkono, nikausifu. Nikasema, "Mashallah, mwanangu. Huu mpira nilikuwa nao kabatini sikuujua uzuri wake. Leo ndio nauona. Macho yangu hayatoki."

Alinielewa. Mtu wa kwetu haelezwi. Akamtazama mkewe, mkewe akautazama mpira. Mwanangu akawa anajikohoza. Kisha mwenye nyumba akatoa kijifunguo kwenye mfuko wa kanzu, akafungua kioo, akautoa mpira. Lakini hakuuelekeza kwangu. Alimwelekezea mjukuu wangu, akamwambia, "Chukua, mwanangu. Ni wako."

Niliuona ule mkono wa kulia ukiinuka. Ukainuka mpaka pale unapokwama. Vidole vikafunguka vyenyewe, vile viwili vya mbele vikaachana, kama alivyokuwa akivitenga kuishika ndimu.

Akasema, "Abadan, mjomba. Ubaki kwako. Hapa ndipo mahali pake."

Moyo ukanishuka, lakini haukuanguka. Nikajiambia, si neno, kakataa mara moja, ile niliyotaka kukataa mie. Sasa atarudia. Tukangoja. Kiyoyozi kinaunguruma, mzee wa kahawa anamimina, vikombe vinagongana. Mwenye nyumba kashika mpira mkononi, anamtazama kijana, kijana anamtazama yeye. Midomo ya mjomba niliiona ikicheza. Nilichosikia mie kwa masikio yangu ni hiki: "Mtoto wa watu wema." Akaurudisha kwenye kijiguu, akaligeuza doa mbele, akafunga kioo.

Ndani ya gari mwanangu akafurahi, akamwambia mwanawe: "Umenipendeza leo. Ile ndiyo adabu."

"Nyamaza uendeshe," nikamwambia.

Tulipofika karibu na kituo cha metro cha Rashidiya nikamuuliza mjukuu wangu, polepole, sikumgombeza. "Si nilikwambia unyamaze?"

"Alinipa mimi, Bibi. Ulinifundisha tangu mtoto, mtu akikupa usidake kama paka." Akageukia dirishani. "Nilikuwa nangoja aseme tena."

Binti wa Kiganda akanishika mkono, na safari hii haikuwa kwa ajili ya magoti.

Ingekuwa imeishia hapo ningenyamaza, nikafa nayo. Lakini juzi mkewe mwenye nyumba kampigia simu mkwe wangu kushukuru kwa halua tuliyowapelekea, na katika maneno yake ya Kiarabu akasema kijana wetu alikataa hata alipobembelezwa. Alipobembelezwa! Mkwe wangu naye sasa anasema ndiyo, anakumbuka, binamu yake alisema "chukua tu" kwa sauti ya chini wakati vikombe vinagongana. Mwanangu anasema alirudia mara tatu, lakini mwanangu ni mtu wa kuapa, simhesabu. Binti wa Kiganda anasema, "Bibi, huyu alisema moja, akafunga duka." Mjukuu wangu nikimuuliza anasema hakumbuki, anachukua koti lake, anakwenda kazini.

Na mpira uko mall. Binti kaupiga picha siku yake ya mapumziko akaniletea. Chini ya kioo limeandikwa jina la mjomba, kwa herufi kubwa, kwamba ni mkusanyo wake. Jina la mjukuu wangu liko kwenye kadi tu, na kadi imelalia upande ambao taa haifiki.

Tofauti si ndogo, na ndiyo maana nimeandika. Kama alisema mara moja, alisema kwa mdomo, na sisi hatuna letu pale. Nitakaa kimya na udugu utaendelea. Lakini kama alirudia, basi alitoa kweli, na kilichotolewa kweli kina mwenyewe. Nitavaa baibui langu, nitakwenda mall na magoti haya haya, nitamwambia mlinzi afungue.

Kwa hiyo nawaomba mliokuwepo. Mimi ni mzee, skuli niliiacha kabla sijajua kugawanya, na kiyoyozi kilikuwa kinapiga kelele. Majina sijasahau hata moja, ila sauti ya chini huenda ikanipita. Hasa wewe mzee wa kahawa, uliyekuwa umesimama begani kwake. Nasikia umesharudi kwenu Kerala, na nambari yako binti kanitafutia. Mie nilisikia mara moja. Kama kuna aliyesikia ya pili, anisahihishe.